Mboga na nyasi juu ya jiwe la matumbawe

Swali kutoka Tanga: "Nimehamia Raskazone kwenye nyumba ya zamani. Uwanja wa mbele ni kama mita 10 kwa 6, nyasi zake zimegeuka manjano ingawa namwagilia kila jioni kwa maji ya kisima, nimetia majivu na urea pia. Nikichimba mchanga kama futi moja nagonga jiwe la matumbawe. Fundi anashauri nimwage kifusi lori tatu uwanja mzima kisha nipande nyasi kama zile alizoziona Lushoto. Nataka pia matuta ya kuinuliwa kwa ajili ya mboga za nyumbani: nijenge kwa mbao au tofali? Na chini ya mwarobaini hakuoti kitu, nifanyeje?"

Dada yangu, hicho kifusi usikimwage. Nianzie hapo kwa sababu lori likishateremsha mzigo hakuna wa kuupakia tena.

Kifusi ni udongo wa chini, ule unaochimbwa ili kujazia viwanja na kusawazisha misingi ya nyumba. Ukiuangalia ni mwekundu na unapendeza, lakini hauna mboji na hauna uhai. Mvua ya masika ikiupiga unashikana na kuwa mgumu, jua la kaskazi likija unapasuka. Tena mara nyingi unakuja na ndago ndani yake, lile gugu sugu. Kuna ugeni mwingi unaovumilika, wa ndago haumo. Kale kakiazi keusi kalikojificha chini kanachipua upya kila ukikata majani, na ncha yake ina nguvu ya kutoboa hata karatasi ya nailoni. Nimeona uwanja mzuri ukimezwa na ndago msimu mmoja, chanzo kikiwa ni lori moja la udongo wa bei poa.

Halafu piga hesabu. Mita 10 kwa 6 ni mita 60 za mraba. Kuziinua kwa sentimita 15 tu kunataka udongo wa ujazo wa mita 9. Tuta moja la mboga la kutosha familia linataka ujazo wa mita 1. Hapo ndipo jibu langu lote lilipo: kwa mboga, badilisha udongo, maana eneo ni dogo na fedha inatosha. Kwa nyasi, udongo uache ulivyo, badilisha nyasi.

Sasa tuje kwenye umanjano. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, weka kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa nyingi, na kwa mtu aliye juu ya matumbawe nategemea povu litatoka. Kisha vunja jani changa la nyasi zako ulitazame kwenye mwanga. Kama limepata mistari, mshipa wa kijani, kati yake manjano, mshipa wa kijani tena, na kama majani machanga ndiyo yaliyoanza kabla ya yale ya zamani, basi mmea umekosa madini ya chuma. Chuma kimo udongoni, ila chokaa imekifunga na mizizi haiwezi kukinyonya. Ingekuwa ni upungufu wa naitrojeni, majani ya zamani ya chini ndiyo yangeanza, na yangekuwa manjano tupu bila mistari.

Ndiyo maana majivu yamekuumiza. Ushauri wa kutia majivu umeenea sana, na huko kwenye udongo mchachu wa milimani unasaidia kweli, kwa kuwa majivu yanapunguza uchachu. Wewe huna uchachu wa kupunguza. Kila ndoo ya majivu uliyotia imefunga chuma zaidi. Urea nayo ikazisukuma nyasi kukua haraka wakati hazina chuma, zikazidi kupauka. Acha vyote viwili. Nenda duka la pembejeo uulize mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia. Ina naitrojeni asilimia 21 pamoja na salfa, na inaachia uchachu kidogo udongoni, kitu ambacho wewe unakihitaji. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, ikwepe, maana yenyewe inakuja na chokaa. Kipimo cha SA ni gramu 25 kwa mita moja ya mraba, yaani kilo moja na nusu kwa uwanja wako wote. Tia mara mbili kwa mwaka, mvua za masika zinapoanza na za vuli zinapoanza, na umwagilie papo hapo isije ikaunguza majani. Ukitaka rangi irudi upesi, nunua mbolea ya kunyunyizia majani, yenye madini ya chuma, uinyunyizie asubuhi kabla jua halijapanda. Hiyo ni tiba ya wiki chache tu, usije ukadhani ugonjwa umekwisha.

Kisima ni jambo la pili. Nyumba ikiwa karibu na bahari, maji ya kisima mara nyingi huwa na chumvi, hasa mwezi Januari na Februari maji yanapopungua. Yaonje. Tazama pia juu ya udongo panapokauka: ukiona ukoko mweupe, na ncha za majani zimeungua rangi ya kahawia, chumvi ipo. Ukipata nafasi ya kupeleka sampuli ya maji na ya udongo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, pale Muheza, peleka. Wale kazi yao hasa ni udongo, na karatasi moja ya vipimo itakuokolea mbolea nyingi. Kwa mboga, tumia maji ya bomba au ya mvua. Nyumba za zamani za huko zina mapaa mapana, gata moja na tangi vinatosha kubeba matuta mawili wiki kadhaa baada ya mvua.

Matuta

Umeuliza mbao au tofali. Tofali. Mchwa wa Tanga hawana subira, mbao laini wanaimaliza kabla hujavuna mara tatu. Watu huzipaka oili chafu ya magari ili mchwa wasizisogelee, na kweli hawasogelei, lakini ile oili inashuka kwenye udongo ambao wewe unataka kulia mchicha. Nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa ni nzuri kwa ua wa nje, zisigusane na udongo wa mboga. Milingoti ya mkonge inapatikana kwa urahisi mkoani kwetu na ni rahisi kubeba. Kwa mpangaji anayetaka tuta la mwaka mmoja inafaa, zaidi ya hapo inaoza. Boriti za mikoko usinunue: mikoko inalindwa, kuikata kunataka kibali, na muuzaji wa mtaani hatakuonyesha.

Yale mawe ya matumbawe utakayochimbua pia yanajenga ukuta mzuri wa tuta, na kwa macho yangu yanapendeza kuliko tofali. Yanataka tu mtu mwenye mkono wa kupanga mawe.

Vipimo: upana wa ndani usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati ukiwa upande wowote bila kukanyaga. Urefu mita 3 unatosha. Acha njia ya sentimita 60 kati ya tuta na tuta, toroli ipite. Kwa tofali za inchi sita utahitaji kama 20 kwa kozi moja, yaani safu moja ya tofali, kozi mbili ni 40. Kozi ya chini izike nusu, zitabaki kama sentimita 30 na zaidi juu ya ardhi. Mimi hupanga bila saruji. Ukuta wa kozi mbili haupasuki kwa udongo wa ndani, maji yanapata pa kutokea kwenye maungio, na mwakani ukigundua kwamba kivuli cha jirani kimehamia hapo, unahamisha tuta kwa siku moja. Fundi atakuambia ni kazi isiyo na heshima. Mwache aseme.

Kabla ya kupanga tofali, ng'oa ukoka wote ulio ndani ya mstari, mizizi na mashina yake yatambaayo, kisha pasua jiwe la chini kwa mtaimbo, sehemu tano au sita, kiasi cha kutia nyufa. Hii kazi watu wanaiacha kwa sababu haionekani ikiisha. Jiwe lisilo na ufa linageuka sahani: masika ya Aprili yanamwaga maji, maji yanakaa, mizizi inaoza, na mtu anatafuta dawa ya ukungu kumbe tatizo liko chini ya miguu. Juu yake tandaza maboksi yaliyofunguliwa, ondoa utepe wa plastiki, yalowe chapachapa. Yatazuia magugu kwa miezi michache kisha yataoza yenyewe. Kokoto za "kuchuja maji" usiweke. Zinakula nafasi ya mizizi na maji hayachujiki zaidi kwa ajili yake.

Udongo wa kujaza: mita 3 kwa 1.2 kwa sentimita 30 ni lita 1,080, sawa na ndoo 54 za lita 20. Ndoo 36 ziwe za udongo wa juu, ule mweusi unaokwanguliwa shambani kwenye sentimita 15 za mwanzo, na 18 ziwe za mboji au samadi iliyooza. Mtu akikuletea udongo, ingiza mkono katikati ya lundo na usugue konzi moja kiganjani. Ukitafuta ndago, utafute hapo, sio juu ya lundo. Samadi ya kuku ikiwa bado inanuka inaunguza. Ikae imefunikwa miezi miwili mitatu. Mchanga wako wa uwanjani unaweza kuingia kidogo tu, maana maji kwenye mchanga ule ni kama ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, una chumvi na vipande vya makombe, na makombe ni chokaa ileile unayoikimbia.

Jaza mpaka juu kabisa, mwagilia, usubiri wiki mbili. Utashuka. Ongeza tena. Tangu hapo kila baada ya mavuno rudishia ndoo mbili tatu za mboji, kwa sababu kwenye joto la pwani mboji inaliwa haraka sana.

Juu ya udongo weka matandazo. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa hayana mshindani: yanashika maji, hayaozi upesi, na wauza nazi wanayatupa. Ila uliza yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa pwani kwenye maji ya bahari ili yalainike kwa kusokotea kamba yamejaa chumvi. Ukiyatandaza kwenye tuta umetia chumvi kwa mkono wako. Chukua makavu ya kwenye mashina ya minazi, na bado yaache yanyeshewe kwanza.

Cha kupanda. Mchicha utaanza kuuchuma ndani ya wiki tatu mpaka nne, na ndio mwalimu mzuri wa tuta jipya, maana ukinyongea unajua mapema kwamba samadi haijakomaa. Bamia, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, matembele, mnafu, vyote vinaipenda pwani. Sukuma wiki inakubali. Nyanya nakushauri uipande ili itoe maua Juni mpaka Agosti, wakati wa kusi, usiku ukiwa na ubaridi kidogo. Usiku wa kaskazi ni wa joto mno, maua yanadondoka bila kushika tunda, na mtu analaumu mbegu. Kabichi na karoti waachie Lushoto, zinateremka zenyewe mpaka soko la Mgandini. Upepo wa kusi unakuja na mvuke wa chumvi, kwa hiyo upande wa baharini simamisha ua wa makuti, uwe na matundu matundu. Ukuta mzima unaurusha upepo juu kisha unaushusha kwenye mboga.

Adui mmoja wa udongo wa kichanga nakutajia kwa sababu haonekani: minyoofundo. Mnyanya unanyauka mchana, jioni unaamka, siku baada ya siku, hata kama udongo una maji. Ung'oe, osha mizizi kwenye ndoo, tazama. Ukiona vinundu vilivyofura ndani ya mzizi wenyewe, ukivikwangua kwa ukucha havibanduki, ndio hao. Vinundu vya kunde vinabanduka, vile ni rafiki, usivichanganye. Ukiwapata usirudie nyanya, bilinganya wala bamia hapo, wote watatu ni chakula chao. Mwezi Januari na Februari, jua likiwa kali, lowesha tuta, lifunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, bana kingo zote kwa udongo, liache wiki nne hadi sita. Joto linawapunguza sana na mbegu nyingi za magugu zinakufa pia. Hii ni faida nyingine ya tuta dogo, kwa sababu shamba zima huwezi kulifunika.

Nyasi

Zile za Lushoto fundi wako alizoziona, kama ni kikuyu kama ninavyodhani, ni nyasi za baridi ya milimani. Ukizileta Raskazone zitakushukuru wiki tatu za mvua, kisha zitaanza kuomba maji kila siku. Kwako kuna chaguo mbili za maana. Penye jua la kutwa, ukoka: unavumilia ukame, chokaa na chumvi ya wastani, na kukanyagwa na watoto. Penye kivuli cha nusu siku na upande unaopigwa na upepo wa bahari, nyasi za Pemba, zile zenye jani pana na shina nene linalotambaa. Ukoka hauwezi kivuli, nyasi za Pemba haziwezi kukatwa fupi. Ukilijua hilo umeshajua nusu ya kazi.

Huna haja ya kung'oa uwanja mzima. Penye vipara chimba vifereji vya kina cha sentimita 5, umbali wa sentimita 15 hadi 20, lalisha mashina, fukia ukiacha ncha zenye majani nje, kanyaga kwa mguu udongo ushikane. Fanya hivyo mvua za vuli zikishaanza, Oktoba au Novemba, na ndani ya miezi miwili mitatu patakuwa pamefunga. Ukinunua mashina kwenye viroba, yamwage sakafuni uyachambue moja moja. Ndago tena, ndiyo.

Kumwagilia kila jioni kuache. Unalowesha juu tu, mizizi inabaki juu, na majani yanalala mabichi usiku kucha, ukungu ukafurahi. Nyasi zinataka kama milimita 25 za maji kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo. Kwa uwanja wako ni lita 1,500. Kwa kuwa una mchanga, gawa mara mbili au tatu kwa wiki, alfajiri. Weka kopo tupu katikati ya uwanja unapomwagilia kwa mpira. Likifika kama sentimita moja, hamia upande mwingine. Kama maji ni ya chumvi, bora mara chache na mengi, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Maji kidogo kila siku yanaiacha juu.

Kukata ndiko kunakoua nyasi nyingi mjini Tanga. Kijana anakuja na fyekeo, ananyoa mpaka udongo unaonekana, analipwa, na mwenye nyumba anafurahi kwamba hatamwita tena mwezi mzima. Nyasi zimepoteza majani yote, zinatumia akiba ya mizizini kuchipua, na jua linaunguza udongo uliobaki wazi. Mwambie usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka ubaki sentimita 3 au 4, nyasi za Pemba 5 mpaka 7. Kisu kinolewe, kikiwa butu ncha zinachanika na uwanja unapata rangi ya majani makavu siku ya pili. Vilivyokatwa viache hapohapo viwe mbolea, isipokuwa kama vimelundikana.

Mara moja kwa mwaka, mvua zikianza, changanya mboji na mchanga wa mtoni, chekecha, utandaze unene wa nusu sentimita tu na usambaze kwa reki mpaka ncha za nyasi zionekane. Kwako ni kama ndoo 15. Hiyo ndiyo njia ya kuujenga udongo wa chini ya nyasi bila kuzifukia, na baada ya miaka michache jiwe lako litakuwa na blanketi.

Chini ya mwarobaini usipande nyasi. Kivuli ni kizito na mizizi yake inakunywa maji yote kabla hayajafika kwa mwingine. Nyasi za Pemba unaweza kuzijaribu ukingoni mwa kivuli, pale jua linapoingia asubuhi. Ndani paache uwanja mtupu wa kufagia kwa ufagio wa chelewa, weka jamvi au viti, wageni wakae. Pwani kote watu wanaishi hivyo na sioni kwa nini nyumba yenye nyasi ione aibu. Ila ufagio huo usiuhamishie kwenye nyasi. Chelewa zinakwangua mashina yanayotambaa, tumia reki ya meno ya kunyumbuka.

Kwa ratiba, anza na tuta moja mwezi Septemba, ulijaze, litulie, upande mchicha mvua za kwanza za vuli zikidondoka. La pili lijenge ukishaona la kwanza linavyoishi na maji yako. Na majibu ya Mlingano yakitoka, nitumie namba za chumvi na za uchachu kama zilivyoandikwa, tutaangalia kama kipimo cha SA kiongezwe au kipunguzwe.